Chiriku Naye Ana Mwalimu Wake

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Tutamkapo maneno hayo huwa tunawafikiria watoto wa binadamu, nyumbani na shuleni. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo yamhusu pia chiriku, yule ndege mdogo wa manjano aimbaye juu ya miti asubuhi katika vijiji vya Mbozi, Ileje na Momba. Na kwamba mtu asiyelifahamu jambo hilo hawezi kuamua kwa haki kama yafaa ndege wetu wa porini wauzwe ama wasiuzwe.

Yawezekana msomaji akauliza: Mkoa wa Songwe hauna soko la ndege waimbao, basi mjadala huu watuhusu nini? Ni kweli kwamba ndege tunaowaona sokoni Tunduma ni kuku waliomo matengani. Lakini soko la ndege halianzii pale ndege anapouzwa. Huanzia pale anapotegwa. Tena Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu iendayo Zambia yapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Gogo la mbao halifichiki kwa urahisi, bali ndege mwenye uzito wa gramu chache hufichika hata mfukoni. Mwisho, historia yenyewe yatuhusu. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndege wa porini duniani.

Tulitazame kwanza soko lenyewe, huko mbali ambako limekomaa. Katika jiji la Jakarta, Indonesia, liko soko mashuhuri la ndege liitwalo Pramuka. Aingiaye humo hukuta vizimba vimepangwa juu ya vizimba na vingine vimening'inizwa darini, na sauti za ndege wa kila aina zimechanganyika hata mtu ashindwe kutambua wimbo mmoja na mwingine. Huuzwa pia vizimba vya mianzi vilivyonakshiwa, panzi, mabuu na mayai ya majimoto kwa chakula cha ndege. Si jambo la kudharau. Mapokeo ya Wajava yasema kwamba mwanamume aliyekamilika huwa na vitu vitano: nyumba, mke, farasi, jambia na ndege. Ndege humpa mwenyewe utulivu wa moyo na heshima mbele ya majirani. Aidha, yako mashindano ya kuimba ambamo waamuzi husimama chini ya vizimba na kutoa alama, na ndege ashindaye huweza kuuzwa kwa bei inayokaribia ya gari.

Mapenzi hayo ya ndege yamekuwa makubwa mno kwa misitu. Mwaka 2014 watafiti walihesabu ndege katika masoko matatu ya Jakarta kwa muda wa siku tatu tu. Walikuta zaidi ya ndege 19,000 wa aina 206. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba katika kisiwa cha Java peke yake nyumba moja katika kila tatu ilifuga ndege, na kwamba jumla ya ndege waliomo vizimbani ilikuwa kati ya milioni 66 na milioni 84. Matokeo yake yaonekana porini. Yuko shore mmoja mkubwa wa Asia, mwenye kichwa cha rangi ya majani makavu na sauti isiyosahaulika. Ndege huyo ametoweka kabisa katika misitu ya Java na ya Thailand, na tangu mwaka 2018 amewekwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa na kutoweka. Hakuuawa kwa sumu wala hakuliwa. Aliangamizwa na uzuri wa wimbo wake.

Katika masoko ya namna hiyo wamo pia jamaa wa ndege wa kwetu. Chiriku wa manjano, ambaye jina lake la kisayansi ni Crithagra mozambica, hujulikana kwa wafugaji wa Indonesia kwa jina la nchi jirani yetu ya Msumbiji. Biashara ya vizimba imemfikisha ng'ambo hata akatoroka na kuzaliana porini katika visiwa vya Mauritius, Hawaii na Puerto Rico. Mwingine ni kasuku mdogo wa Fischer, mwenye uso wa rangi ya machungwa na mdomo mwekundu, ambaye kwao hasa ni kaskazini mwa Tanzania, katika mbuga za Serengeti na nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria. Leo kasuku wa jamii hiyo huzalishwa kwa wingi vizimbani huko Indonesia na kuingizwa katika mashindano. Wengi wa wale wanaowashangilia hawajui kwamba asili yao ni Usukuma.

Sasa tuuulize swali la kisayansi: ndege huupata wapi wimbo wake? Chombo cha kuimbia twakijua. Binadamu ana kisanduku cha sauti juu ya koo la hewa. Ndege ana kiungo kiitwacho sirinksi, kilicho chini kabisa ya koo hilo, pale linapogawanyika matawi mawili ya kwenda mapafuni. Kwa kuwa kila tawi lina ngozi zake nyembamba za kutikisika na misuli yake, ndege aweza kutoa sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja. Chombo hicho ndege huzaliwa nacho. Je, na wimbo huzaliwa nao?

Jibu lilitolewa na majaribio. Katika miaka ya 1950, huko Cambridge, Uingereza, mtaalamu W. H. Thorpe alilea makinda ya ndege mmoja wa Ulaya wa jamii ya chiriku mahali ambapo hayakuweza kusikia ndege wakubwa wa aina yao. Makinda hayo yalipokua yaliimba, lakini wimbo wao ulikuwa duni, usio na mpangilio kamili, ambao ndege wa porini asingeutambua sawasawa. Makinda yaliyosikia wimbo wa wakubwa yalipokuwa madogo yaliuimba vizuri mwaka uliofuata. Tena ilionekana kwamba upo wakati maalumu wa kujifunza. Wakati huo ukipita, ndege wa aina hiyo hajifunzi tena hata akiimbiwa mchana kutwa. Samaki amekwisha kauka. Mtaalamu mwingine, Peter Marler, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba huko California ndege wa aina moja huimba kwa lahaja mbalimbali kulingana na mahali walipokulia, kama vile Kiswahili cha Pemba kisivyokuwa sawa na cha Mombasa.

Yafaa tuongeze kwamba si ndege wote walio hivyo. Jogoo aliyelelewa peke yake atawika kama jogoo, na njiwa atalia kama njiwa. Kujifunza sauti ni sifa ya makundi matatu ya ndege: wale waitwao kwa kitaalamu ndege waimbao, ambao ndani yake wamo chiriku, shore, kwezi na chozi, kisha kasuku, na wale ndege wadogo sana wa Amerika wanaofyonza maua huku wakisimama hewani. Kwa ndege hao sauti ni elimu ipokelewayo na kizazi kutoka kwa kizazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba wafanyabiashara wa Jakarta walilijua hilo bila maabara. Mwenye ndege kijana humtundika karibu na ndege hodari wa kuimba, siku baada ya siku, hata yule kijana aige. Ndege huyo hodari huitwa na wenyewe kwa jina lenye maana ya bwana mkubwa wa fani, yaani mwalimu. Huko sokoni ndege mwalimu ana thamani kubwa. Lakini kule porini alikotolewa hakuna anayeuliza ni makinda mangapi yamebaki bila mwalimu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Watu wengi huitazama biashara ya ndege kama hesabu ya kutoa: walikuwapo elfu, wametolewa mia, wamebaki mia tisa, nao watazaa na kuziba pengo. Hesabu hiyo ingefaa kwa magunia ya mahindi. Haifai kwa chiriku. Mtegaji hatwai ndege kwa kubahatisha. Hutanguliza ndege mwimbaji katika kizimba, akapaka ulimbo kwenye vijiti vya pembeni, na dume mwenye eneo lake akija kumfukuza mgeni hunaswa. Kwa hiyo anaswaye kwanza ni dume mkubwa, mwenye nguvu na mwenye kuimba kuliko wote. Na ndiye mnunuzi amtakaye. Jike asiyeimba haleti bei. Tukitoa mia kwa namna hiyo, tumetoa walimu mia, si ndege mia tu. Shule iliyopokonywa walimu wake wote huendelea kuwa na wanafunzi, madarasa na kengele, lakini kila mtu ajua itakuwaje.

Wala jambo hili si la kuwaziwa tu. Katika Australia yuko ndege aishiye kwa asali ya maua, jina lake la kisayansi ni Anthochaera phrygia. Ndege hao wamebaki mamia machache tu, hasa kwa sababu misitu yao ilikatwa. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba karibu asilimia 12 ya madume waliosikilizwa hawakuujua wimbo wa aina yao. Waliimba nyimbo za ndege wa aina nyingine waliokuwa karibu nao. Vijana hao walikuwa wamekua pasipo mzee wa kumsikiliza. Tena madume wenye nyimbo za kigeni walionekana kupata majike kwa shida kuliko wenzao. Basi upungufu wa ndege ulizaa upungufu wa elimu, na upungufu wa elimu ukazidisha upungufu wa ndege. Wataalamu wa nchi hiyo wamelazimika kuwafundisha vijana waliozaliwa katika bustani za wanyama kwa kutumia sauti zilizonaswa na madume waliotoka porini. Kuvunja shule ni kazi ya msimu mmoja. Kuijenga tena ni kazi ya miaka.

Karibu na kwetu upo mfano wa upungufu ambao haukuzibika. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, huko kusini-magharibi mwa Zambia, yuko kasuku mdogo mwenye mashavu meusi. Mwaka 1929 walikamatwa ndege 16,000 wa aina hiyo katika muda wa majuma manne tu, ili wapelekwe ng'ambo. Karibu karne moja imepita na ndege huyo hajarudia wingi wake wa zamani. Ukame wa maji anayoyategemea umemzidishia taabu. Kwetu Tanzania, kumbukumbu za biashara ya kimataifa za mwaka 1987 zilimweka kasuku wa Fischer mbele ya ndege wote wa porini waliouzwa duniani mwaka huo.

Hatua zilichukuliwa. Tanzania ilikuwa imejiunga mwaka 1979 na mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini baina ya nchi. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wengi wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yamtaka mtu awe na kibali kabla ya kukamata mnyama wa porini, na ndege wamo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwezi wa Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi sita kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao; wananchi wakalalamika, na ruhusa ile ikasitishwa mara. Tukio hilo lafundisha kwamba suala hili halijalala. Litarudi tena na tena, nao watakaoliamua siku za mbele ni wanafunzi wanaosoma ukurasa huu leo.

Haki yataka hoja za upande wa pili zisikilizwe. Kwanza, husemwa kwamba biashara hii humpa kijana wa kijijini fedha. Ni kweli, na umaskini si jambo la kufanyia mzaha. Lakini mtegaji ndiye apataye fungu dogo kuliko wote katika mnyororo mrefu wa wanunuzi, na ndege wengi hufa kabla ya kufika, kwa hiyo hulazimika kutegwa wengi ili wauzwe wachache. Tena chiriku wa kijiji wakiisha, mnunuzi huhamia kijiji kingine, kijana hahami.

Pili, husemwa kwamba ndege waweza kufugwa na kuzalishwa kama kuku. Hoja hii ina nguvu, na siipingi. Kasuku wanaozalishwa Indonesia ni ushahidi. Lakini ufugaji huo wapaswa kuwa wa kweli, si jina la kufichia ndege wa porini. Njia ya kupambanua iko: kinda huvishwa mguuni pete isiyo na kiungo angali na umri wa siku chache tu. Ndege mkubwa hawezi kuvishwa pete hiyo, kwa kuwa vidole vyake havipiti. Ndege asiye na pete ya namna hiyo hana ushahidi wa kuzaliwa kizimbani.

Tatu, mkulima wa mpunga wa Kamsamba ataniuliza: mbona wawatetea ndege, hali kweleakwelea watumaliza? Namjibu kwamba kweleakwelea na chiriku hawafanani kwa wingi wala kwa mwenendo. Kweleakwelea huruka kwa makundi ya maelfu na hata mamilioni; kumdhibiti ni ulinzi wa chakula cha taifa. Anayewachanganya wawili hao kwa kuwa wote ni ndege hana tofauti na anayechanganya nzige na nyuki kwa kuwa wote ni wadudu.

Nne, huenda mwalimu wa sayansi akasema kwamba ndege wa kizimbani wameipa elimu faida kubwa. Nakiri. Katika miaka ya 1970 na 1980, Fernando Nottebohm wa Marekani alichunguza jamaa wa chiriku waliofugwa, akaonyesha kwamba vituo vya wimbo katika ubongo wa dume ni vikubwa kuliko vya jike, na kwamba katika ubongo wa ndege aliyekwisha kukua huzaliwa seli mpya za neva. Wanasayansi wengi walikuwa wakiamini kwamba jambo hilo haliwezekani. Lakini ndege wale walikuwa wa ukoo uliofugwa kwa karne nyingi. Hakuna mwitu ulionyamazishwa kwa ajili ya ugunduzi ule.

Basi msimamo wangu ni huu: ndege waimbao wa porini wasiuzwe, wawe wengi ama wachache, kwa maana hesabu ya vichwa haitwambii chochote juu ya elimu inayopotea. Atakaye kufuga na afuge ndege waliozaliwa kizimbani, wenye pete. Lakini katazo peke yake halitoshi. Mtu hawezi kulinda asichokijua, na wengi wetu hatuujui wimbo wa chiriku wa kijiji chetu.

Hapo shule zina kazi, tena kazi isiyohitaji fedha. Mwalimu na achague njia moja karibu na shule, aweke vituo vitano, kila kimoja hatua mia tatu kutoka kingine. Saa kumi na mbili asubuhi wanafunzi wasimame kila kituo dakika tano, kimya, wakihesabu madume waimbao na kuandika tarehe, hali ya hewa na mahali. Wimbo wenyewe waweza kuchorwa: mstari upandao sauti ipandapo, ushukao ishukapo, na nukta mahali pa midundo mifupi. Mwalimu mwenye simu anaweza kuunasa. Kazi hiyo irudiwe kila juma kwa saa ile ile na vituo vile vile, kwa maana kipimo kisichorudiwa si kipimo. Kisha shule ya Tunduma ilinganishe daftari lake na la Vwawa, la Itumba na la Mkwajuni. Je, chiriku wa nyanda za juu za Mbozi aimba sawa na yule wa bonde la Rukwa? Wanafunzi wa Songwe waweza kulijibu swali hilo kwa penseli na uvumilivu. Vilabu vya Malihai vilivyomo mashuleni vingekuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Daftari la namna hiyo likiendelea miaka kumi litakuwa ushahidi. Ikitokea siku moja kwamba kituo cha tatu, kilichokuwa na waimbaji wanne, kimebaki na mmoja, na wimbo wake umekuwa mfupi kuliko ule uliochorwa na kaka na dada waliotangulia, shule itakuwa na jambo la kuwaambia wazee wa kijiji na maofisa wa wanyamapori, nayo italisema kwa takwimu.

Twajua jinsi kazi ya ualimu isivyoonekana mpaka siku mwalimu anapokosekana. Mwanafunzi atakayesimama kesho alfajiri kando ya njia ya shule na kumsikia chiriku dume akiimba, na akumbuke kwamba ndege yule yumo darasani, na kwamba huenda pale karibu, katika kichaka, liko kinda linalosikiliza.